MTU ALIYEPIGWA NYUMBANI MWAKE: NAMNA YA KUMSAIDIA

Katika mafundisho ya afya tumezoea kusema habari za malaria, za minyoo, za maji ya kunywa na za chakula cha watoto. Leo tunataka kusema habari za mateso mengine, ambayo hayaletwi na mbu wala na maji machafu. Yanaletwa na mkono wa mtu anayelala katika nyumba ile ile. Mama anapigwa na bwana wake, au na wakwe, au na ndugu zake. Anatukanwa kila siku. Ananyimwa pesa ya dawa. Analazimishwa kitandani. Kisha anakuja hospitalini na kusema, "Nilianguka."

Pengine wewe unayesoma ni mzee wa kanisa, au kiongozi wa chama cha akina mama, au mgonjwa mwenye kitanda jirani na chake. Siku moja mtu kama huyo atakuja kwako. Utamfanyia nini? Fundisho hili litakuonyesha kazi ya wale waliofundishwa kuwasaidia watu hawa, na sehemu yako katika kazi hiyo. Neno kubwa la kushika ni hili: kwanza uzima wake, kisha mambo mengine yote. Kupatanisha kunaweza kungoja. Shauri la mali linaweza kungoja. Uzima haungoji.

Je, ni mateso ya watu wachache?

Hapana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mwanamke 1 katika kila 3 duniani amepata kupigwa au kulazimishwa kwa nguvu, na mara nyingi aliyemtendea ni mwenzake wa nyumbani. Katika Kongo yetu, uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa wamekwisha kuumizwa mwilini na mtu tangu walipofikia miaka 15. Basi, usifikiri kwamba ni habari ya kijiji kingine. Siku ya ibada tazama mabenchi ya akina mama, nawe utajua kwamba wako hapo.

Tena si akina mama peke yao. Wako wazee wanaopigwa na watoto wao wenyewe. Wako wanaume wanaoumizwa, nao huona haya kusema. Wako watoto wanaoshitakiwa uchawi, wanaofungwa, wanaonyimwa chakula na kufukuzwa. Katiba ya mwaka 2006 inakataza kabisa kumshitaki mtoto uchawi. Mambo mengi tutakayosema juu ya mama yanafaa kwa hao pia.

Alama zinazoonekana

Watu wengi hawasemi. Lakini mwili husema. Munganga na wauguzi huangalia mambo haya:

1. Vidonda vya siku mbalimbali: kimoja kipya, kingine kimeanza kupona, kingine ni kovu.
2. Vidonda visivyopatana na maneno. Mtu aliyeanguka huumia mikono na magoti. Mtu aliyepigwa huumia uso, shingo, matiti, tumbo, na mikono aliyoinua kujikinga.
3. Kuchelewa. Mkono ulivunjika Jumatatu, mgonjwa akaja Ijumaa.
4. Maumivu ya kichwa au ya tumbo yasiyokwisha, na kukosa usingizi, ingawa vipimo havionyeshi kitu.
5. Mimba zinazotoka mara kwa mara, au damu baada ya kupigwa tumboni.
6. Bwana asiyetoka chumbani, anayejibu maswali yote kwa ajili ya bibi yake.

Alama moja haitoshi kumshitaki mtu. Inatosha kumpeleka mgonjwa mahali pa faragha na kumwuliza kwa upole.

Msaidizi ni nani?

Katika hospitali nyingine za Kongo, pamoja na munganga na wauguzi, wako watu waliofundishwa kazi hii peke yake: kumpokea aliyeumizwa, kumsikiliza, na kutembea naye mpaka apate nguvu. Katika hospitali ya Panzi, Bukavu, ambayo Munganga Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999 pamoja na kanisa lake, akina mama hao waliitwa kwa jina la upendo, "Mama Chérie". Hospitali hiyo ilijulikana kwa ajili ya wanawake walioumizwa katika vita, na mwaka 2018 Munganga Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huko kazi ilipangwa katika sehemu nne: kutibu mwili, kutuliza moyo, kusaidia mbele ya sheria, na kumpa mtu kazi ya kujilisha. Mpango huo unamfaa pia mama aliyepigwa na bwana wake. Akipona mkono tu, na hana pa kulala wala pa kupata franka za chakula cha watoto, kesho atarudi chini ya fimbo ile ile.

Basi msaidizi ni mtu wa namna gani? Si mwamuzi, wala si polisi. Si mtu wa kupatanisha. Yeye ni mtu wa kusimama karibu na aliyeumizwa.

Namna ya kusema naye

Tuseme mama mmoja amefika, jicho limevimba. Bwana wake yuko naye. Msaidizi hamwulizi neno mbele ya bwana. Muuguzi anasema kwa utulivu, "Baba, ungoje nje kidogo, tunampima mama." Wengi waliozoea hospitali hukubali neno hilo. Kama mama hajui Kiswahili vizuri, anatafutwa mtu wa hospitali anayejua Kimashi au Kinande au lugha nyingine ya kwao. Mkalimani asiwe shemeji wala mama mkwe, wala mtoto wake mwenyewe. Kisha msaidizi anafunga mlango na kuketi chini kama yeye, hasimami juu yake.

"Karibu, mama. Pole sana. Hapa tuko wawili tu. Utakayosema sitayapeleka kwa bwana wako wala kwa mchungaji, usiponiruhusu. Lakini nikisikia kwamba uzima wako au wa mtoto uko katika hatari ya sasa hivi, tutatafuta msaada, nami nitakuambia kwanza."

Mama ananyamaza. Msaidizi naye ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Akina mama wengi wanaokuja na alama kama hizi waliumizwa nyumbani. Na wewe, mama, kuna mtu anayekuumiza?"

"Nilichelewesha chakula, Mama. Ni kosa langu."

"Chakula kuchelewa hakustahili jicho kupigwa. Si kosa lako. Umefanya vema kuniambia."

Ona, msomaji, hakuuliza, "Ulimfanya nini?" Hakusema, "Vumilia, ndiyo ndoa." Hakusema pia, "Mimi ningekuwa wewe ningemwacha." Alisikiliza, akaamini, akamwondolea mzigo wa hatia. Kisha anauliza, "Leo unahitaji nini kwanza?" Pengine jibu litakuwa dogo: maziwa ya mtoto aliyeachwa nyumbani, au habari ifike kwa dada yake. Msaidizi aanze na hilo dogo. Mtu aliyenyang'anywa nguvu ya kuamua huanza kuipata tena kwa mambo madogo.

Kama mama anakataa kusema, asilazimishwe. Aambiwe, "Mlango uko wazi siku yoyote." Wako wanaosema mara ya nne, baada ya kupima kama mtu huyu anatunza siri.

Maswali ya hatari ya kufa

Baada ya kusikiliza, msaidizi anauliza maswali machache ambayo wataalamu wameyapima kwa miaka mingi:

1. Katika miezi 6 iliyopita, mapigo yameongezeka au yamekuwa makali zaidi?
2. Amekutisha au amekupiga kwa silaha: panga, kisu, mchi, bunduki?
3. Amewahi kukukaba koo?
4. Alikupiga ulipokuwa na mimba?
5. Ana wivu mkali usiokoma?
6. Wewe mwenyewe unafikiri anaweza kukuua?

Majibu ya "ndiyo" yakiwa mengi, hatari ni kubwa, na mama asirudi nyumbani usiku ule bila mpango. Swali la mwisho lipewe uzito. Mama anamjua mtu yule kuliko sisi.

Tukaze neno moja juu ya koo. Mtu aliyekabwa anaweza kukosa alama ya nje kabisa, lakini ndani ameumia, na baada ya saa au siku kadhaa anaweza kuzidiwa na hata kufa. Sauti ikikwaruza, akiumia kumeza, akiwa na vidoa vyekundu machoni, au ikiwa alizimia, arudishwe kwa munganga mara moja. Vivyo hivyo mwenye mimba aliyepigwa tumboni: hata kama hana maumivu, apimwe siku ile ile, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kuachana na tumbo la uzazi na kumwua mtoto, na mama pia.

Dawa zenye saa zake

Kama alilazimishwa kwa nguvu, hata na mtu wa nyumbani, asingoje. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa zikianzwa kabla ya saa 72, tena mapema zaidi ni bora, naye atazimeza siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku ya 5. Munganga ataangalia pia magonjwa mengine ya zinaa, na chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda. Matibabu hayangoji karatasi ya polisi. Atibiwe kwanza.

Munganga aandike vizuri katika fishi: kidonda kiko wapi, kina urefu gani, na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Siku moja karatasi hiyo inaweza kumtetea. Lakini fishi ikae katika sanduku lenye kufuli, na mama asilazimishwe kubeba nyumbani karatasi itakayomletea mapigo mapya.

Sheria inasema nini?

Watu wengi husema kwamba mambo ya bwana na bibi hayaingiliwi. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Kumpiga mtu kwa kusudi ni kosa linaloadhibiwa, na katiba ya 2006 inaagiza serikali kupigana na ukatili juu ya wanawake mbele ya watu na ndani ya nyumba vilevile. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016 ilimwondolea bibi lazima ya kuomba ruhusa ya bwana wake ili ashitaki au afanye mapatano ya sheria. Mahali ambapo polisi na tribunali hazifanyi kazi kwa sababu ya vita, haki inaweza kuchelewa. Hata hivyo karatasi nzuri ya munganga iliyotunzwa haiozi.

Kushitaki au kutoshitaki ni shauri la mama mwenyewe. Msaidizi anamweleza njia na taabu za kila njia. Hamsukumi.

Makosa ambayo watu wa kanisa wayaepuke

La kwanza ni kuwaketisha pamoja upesi. Wazee wanamwita bwana na bibi, wanasema, "Kila mtu aseme ukweli wake." Mama atasemaje ukweli mbele ya yule anayemwogopa? Akinyamaza, wazee wanafikiri hana neno. Akisema, anapigwa usiku kwa ajili ya aliyoyasema mchana. Basi wazee wasiwaketishe pamoja mpaka mama mwenyewe, akiwa mahali salama, aombe hivyo.

La pili ni kumrudisha kwa ajili ya mali. Baba anasema, "Ng'ombe zimekwisha kutolewa kwa bibi wa kaka yako. Nitazirudisha kwa nini?" Tunajua kwamba shauri hili ni zito, na jamaa nyingine ni maskini kweli. Lakini ng'ombe hutafutwa, na deni hulipwa kidogo kidogo. Binti aliyezikwa harudishwi. Wazee wa kanisa wanaweza kufanya kazi njema hapa: wakae na jamaa mbili kuomba kwamba shauri la mali lingojee.

La tatu ni kumwambia, "Ondoka leo leo!" Hilo pia ni amri, na lina hatari yake. Mara nyingi siku za kuondoka ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu mpigaji anaona mtu wake anamponyoka. Mama akitaka kuondoka, aondoke kwa mpango.

La nne ni maombi yanayogeuka kuwa habari. Mtu anasimama katika mkutano na kusema, "Tumwombee dada fulani, nyumba yake ina vita." Kabla ya jua kuchwa bwana amesikia. Mwombee, lakini chumbani mwako. Jina lake usilitaje.

Na bwana je? Asiachwe, lakini asishughulikiwe na msaidizi wa bibi yake. Wanaume wazima, wenye heshima, waseme naye peke yake, tena wakati ambapo mama amekubali na yuko salama. Machozi yake hayatoshi kuwa alama. Mtu aliyegeuka huacha kupiga, huacha kusema "alinichokoza", na hukubali bibi akae mbali muda anaotaka bila kumwinda. Hayo huonekana kwa miezi, hayaonekani kwa siku moja.

Mpango wa usalama

Akina mama wengi watarudi nyumbani leo, kwa sababu watoto wako huko na shamba liko huko. Usiwalaumu. Msaidizi anapanga nao:

1. Ugomvi ukianza, atoke jikoni palipo na visu, mchi na moto. Akae karibu na mlango.
2. Awe na jirani mmoja wa kuaminika, na alama waliyopatana: sufuria iliyopinduliwa mlangoni, au mtoto anayetumwa kuomba chumvi.
3. Watoto wafundishwe pa kukimbilia, na wasijaribu kuwaachanisha wakubwa.
4. Kwa jirani au dada awekewe furushi: kikwembe kimoja, nguo za watoto, dawa, pesa kidogo, kadi ya uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo.
5. Ajue njia mbili za kufika hospitalini au kwa jamaa, ya mchana na ya usiku.

Kazi yako, jirani, inaweza kuwa ndogo tu: kutunza furushi na kufunga mdomo. Usiidharau. Msamaria yule katika mfano alifunga vidonda, akampeleka mtu mahali salama, akalipa gharama. Hakumwuliza kwa nini alipita njia ile.

Msaidizi naye ni mtu

Anayesikiliza maumivu kila siku anaumia naye. Anaota ndoto mbaya, anakasirika upesi, anaacha kula. Kwa hiyo asifanye kazi peke yake. Kila juma aketi na mkubwa wake wa kazi na kuongea, bila kutaja majina mbele ya watu wengine. Asimfiche mgonjwa katika nyumba yake mwenyewe, maana atajitia hatarini pamoja na watoto wake. Mama akirudi kwa bwana wake mara ya tatu, msaidizi asikate tamaa wala asimkemee. Wengi hujaribu mara nyingi kabla ya kuweza. Mlango ukibaki wazi, mara ya nne atakuja. Ukifungwa kwa ukali, hatakuja tena.

Mambo ya kukumbuka

1. Uzima kwanza.
2. Mwulize akiwa peke yake, umwamini, utunze siri.
3. Aliyekabwa koo na mwenye mimba aliyepigwa wapimwe siku ile ile.
4. Aliyelazimishwa afike kabla ya saa 72.
5. Usimwamuru kurudi, usimwamuru kuondoka. Msaidie kuchagua na kujilinda.

Na sasa neno kwako wewe ambaye ndiwe unayepigwa. Si kosa lako. Munganga au muuguzi akikupima peke yako, mwambie neno moja tu: "Naogopa nyumbani." Hilo latosha kuanza. Tena, kama kitabu hiki kitakuletea taabu mkononi mwa bwana wako, usikipeleke nyumbani. Kiache hapa juu ya benchi, umwambie muuguzi akutunzie. Utakisoma tena siku utakayorudi.